Ukifunga Dirisha Hujatoka

Mwanafunzi amemaliza kujaza fomu ya mkopo wa chuo katika duka la steshenari jirani na bandari ya Malindi, Unguja. Amelipia kuchapisha, amezikunja karatasi zake, amebofya alama ya X pembeni mwa skrini na ameshika njia ya Darajani. Yeye anajua kamaliza. Lakini seva inayotunza barua pepe yake haijaambiwa chochote. Kwa hesabu za seva hiyo, mwanafunzi bado yupo kwenye kiti kile. Atakayekaa baada yake atapokelewa kwa jina la mwanafunzi, atasoma barua zake, na akitaka ataomba nywila mpya za kila akaunti inayotegemea barua pepe hiyo.

Kinachosababisha hayo ni kidakuzi cha kuingilia. Mwongozo huu unakihusu hicho, pamoja na vile vidakuzi vyengine vinavyokuletea swali la "Kubali vyote" kila ukifungua tovuti. Watu wanalalamikia sana swali lile kwa kuwa linawaziba ukurasa. Cha kuingilia hawana habari nacho. Naona malalamiko yamekosea njia. Swali la kukubali linahusu nani akufuate ili akuuzie kitu. Kidakuzi cha kuingilia kinahusu nani ahesabiwe kuwa wewe. Ukiwa na dakika tano tu za kulishughulikia jambo hili, zimalizie kwenye hicho cha kuingilia.

Malindi nimeichagua kwa sababu mtaa mmoja unakusanya watumiaji wa kila namna: abiria wa boti anayekata tiketi kwa simu, mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Tanzania, au wa Bodi ya Mikopo ya Zanzibar, mpokezi wa nyumba ya wageni anayejibu barua za Wataliano usiku wa manane, mchuuzi wa samaki ambaye mwanawe ndiye anayemwendeshea WhatsApp ya biashara. Msomaji wa Mombasa au Maskati naye atajiona humu.

Kidakuzi ni nini hasa

Wavuti haina kumbukumbu. Kila unapobofya, kivinjari chako kinatuma ombi, seva inajibu, kisha inasahau kwamba uliwahi kufika. Kwa ukurasa wa kusoma tu hilo halina neno. Kwa duka ni balaa: umetia kitu kikapuni, umefungua ukurasa mwengine, kikapu hakipo. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, akabuni njia. Seva ikikabidhi kivinjari maandishi mafupi, kivinjari kiyatunze, na kila kikirudi kwa seva ile ile kiyaoneshe. Maandishi hayo ndiyo kidakuzi. Hakiwashi kamera yako, hakisomi mafaili yako, wala si virusi, ijapokuwa uvumi wa namna hiyo hauishi.

Unapoingia kwenye akaunti, nywila unaitoa mara moja. Seva ikiridhika inatunga mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao mtu hawezi kuubahatisha, inaandika upande wake kwamba mfuatano huu ni wa fulani, na inakupa wewe kwa sura ya kidakuzi. Kuanzia hapo haiulizi tena nywila. Kila bofyo lako linakwenda na mfuatano ule, na seva inauamini. Kwa hiyo aliyeupata mfuatano wako hana haja ya nywila yako. Hata ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji haimzuii, kwani namba hiyo huombwa wakati wa kuingia na yeye anaonekana ameshaingia.

Sasa kuhusu umri wa kidakuzi. Vidakuzi vyengine havina tarehe. Vimekusudiwa kufa kivinjari kikifungwa. Lakini ukikiagiza kivinjari kiendelee pale kilipoishia, kesho yake vinarudi hai, na kwenye simu ni nadra kivinjari kufungwa kikweli. Vyengine vina tarehe, na tarehe hiyo inaweza kuwa mbali: tangu 2022 Chrome imeweka ukomo wa siku 400, na tovuti inaweza kuurefusha upya kila ukiitembelea. Benki kwa kawaida hukutoa baada ya dakika chache za kimya. Mitandao ya kijamii haikutoi mpaka utake mwenyewe, maana faida yake ni wewe kubaki ndani. "Nilifunga" kwa hivyo ni neno lisilokuhakikishia lolote.

Kabla hatujaendelea, pesa za simu unazotuma kwa kupiga nyota na namba hazina vidakuzi kabisa. Zina hatari zake, lakini si hizi.

Kwenye kompyuta isiyo yako

Ukikaa mbele ya kompyuta ya duka, ya skuli au ya mapokezi ya hoteli, anza kwa kufungua dirisha fiche. Kwenye Chrome na Edge bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Faida yake ni moja tu, nayo ni kubwa: vidakuzi vyote vya dirisha hilo vinafutwa likifungwa. Ila kuna mtego ambao wengi hawaujui. Madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia vidakuzi vya pamoja. Kama mteja aliyekutangulia aliacha la kwake wazi, la kwako ukilifunga peke yake hakijafutwa kitu. Tizama upau wa chini, funga yote. Na usiliamini dirisha fiche kwa lisichokuahidi: halimzuii mwenye kompyuta aliyetega programu ya kunakili unachochapa.

Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Penye kisanduku cha "Nikumbuke", kiache bila tiki.

Ukimaliza, tafuta neno Toka. Kwa kawaida limefichwa chini ya picha au herufi ya jina lako juu kulia, na wala halijafichwa kwa bahati mbaya. Libonyeze, kisha jaribu mwenyewe: andika upya anwani ya tovuti ile. Ikikuomba nywila, umetoka. Ikikupeleka moja kwa moja ndani, bado upo. Kutoka kwa kubonyeza Toka kunafanya kazi ambayo kufunga dirisha hakuifanyi, kwani seva iliyotengenezwa vizuri inaufuta ule mfuatano upande wake, na hata aliyekwisha kuunakili hautamfaa tena.

Halafu WhatsApp. Hapa ndipo ninapoona hatari iliyoenea kuliko zote mjini petu. Mtu anataka kuchapisha cheti kilichomo kwenye simu yake, mwenye duka anamfungulia WhatsApp ya kompyuta, mteja anapiga picha msimbo kwa simu yake, cheti kinatoka, ahsante sana, na kompyuta ile inabaki imeunganishwa. WhatsApp inaruhusu vifaa vinne vya ziada kwa akaunti moja, na vinaendelea kupokea meseji hata simu yako ikiwa imezimwa. Vinakatika vyenyewe pale tu simu yenyewe ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika. Nani anakaa siku 14 bila kufungua WhatsApp? Kwa hiyo usiunganishe. Mtumie mwenye duka lile faili peke yake, subiri lichapwe, kisha mwombe alifute mbele yako, hasa likiwa cheti cha kuzaliwa au nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Anayefanya kazi hii kwa uaminifu hatakasirika.

Kuna mazoea mengine yanayoumiza kuliko kidakuzi chochote. Mwombaji wa mkopo au wa ajira hana barua pepe, kijana wa steshenari anamfungulia moja, anaweka nywila anayoijua yeye, na mara nyingine anaweka namba yake mwenyewe ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti. Majibu ya chuo yatakuja kwenye sanduku ambalo funguo ziko kwa mtu mwengine. Kama barua pepe yako ilizaliwa hivyo, badilisha nywila ukiwa kwenye simu yako, ondoa namba ile weka yako, kisha utoe vifaa vyote vilivyoingia. Fanya hivyo kabla majina ya waliopata mikopo hayajatoka.

Mwenye duka nawe nina neno lako. Chrome ina hali ya Mgeni, inayoanza tupu na kuisha tupu. Wawekee wateja hiyo, na kile kivinjari chako chenye barua zako za biashara ukitumie wewe peke yako. Itakuepushia siku ya kuambiwa na mtu kwamba akaunti yake imechezewa dukani kwako.

Simu inayozunguka nyumbani, baba akaitumia asubuhi na watoto jioni, nayo ni kompyuta isiyo yako kwa nusu ya siku. Wapo pia wanaounganisha WhatsApp ya mwenza kwa siri wakaisoma. Wewe jua tu kwamba orodha ya vifaa vilivyounganishwa inaonesha.

Wi-Fi, na wezi wa kweli

Wengi wanaogopa Wi-Fi ya mkahawani kuliko kitu chochote. Khofu hiyo ilikuwa na haki yake zamani. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu ya Firefox iitwayo Firesheep, iliyomwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye Wi-Fi ya wazi kuona majina ya walioingia Facebook au Twitter karibu naye, akabofya jina, akaingia kwa jina hilo. Hakuhitaji ujuzi wowote. Ilikuwa inaokota vidakuzi vya kuingilia vilivyokuwa vikisafiri hewani bila kufichwa. Butler alisema anataka kuzilazimisha kampuni kubwa zifiche mawasiliano yote, na kweli katika miaka michache zilifanya hivyo. Leo tovuti karibu zote zinazoheshimika zinaanza na https, na kidakuzi chako kinapita kwenye Wi-Fi ya hoteli kikiwa kimefungwa. Lililobaki ni dogo: kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti si sahihi au muunganisho si salama, usibonyeze "endelea hata hivyo". Rudi nyuma.

Wizi wa sasa unapitia kwenye kompyuta yenyewe. Kuna programu zilizotungwa kwa kazi moja, kuzoa nywila na vidakuzi vyote vilivyohifadhiwa katika kivinjari na kuvituma kwa mwizi ndani ya sekunde chache. Zinaingia kwa programu za kulipia zilizovunjwa kufuli zikagawiwa bure, kwa michezo, kwa flashi, kwa kiambatisho cha barua. Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips ya Kanada, ya watu ambao kazi yao ni kuzungumza kompyuta, ilitekwa kwa njia hii. Mfanyakazi alifungua faili lililojifanya waraka wa mdhamini, kidakuzi cha kuingilia kikaibiwa, wezi wakawa wanarusha matangazo ya sarafu za mtandaoni kwa jina la chaneli. Nywila haikuguswa.

Mwaka huo huo kampuni ya usalama ya Secureworks ilieleza kisa ambacho kila mpokezi wa Malindi anapaswa kukijua. Hoteli ilipokea barua kutoka kwa mtu aliyesema aliwahi kulala hapo na amesahau kitambulisho. Haikuwa na kiungo wala kiambatisho, ni maneno ya unyonge tu. Mpokezi kwa wema wake akajibu. Ikaja barua ya pili: kilichopotea ni pasipoti, picha yake na maelezo ya safari vimo katika kiungo hiki. Ndani ya kiungo kulikuwa na Vidar, mojawapo ya programu hizo za kuzoa. Wezi wakapata njia ya kuingia kwenye akaunti ya hoteli ya Booking.com, na kutoka humo wakawaandikia wageni waliokuwa na nafasi zao, kwa jina la hoteli, kuwataka walipe.

Kisa hicho kinatugusa kwa sababu ya ukarimu wetu. Kompyuta ya mapokezi katika nyumba nyingi za wageni ni moja, inatumiwa na watu wa zamu zote, na akaunti ya nafasi za wageni haifungwi usiku wala mchana. Tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inayonunuliwa mtandaoni. Ambaye hakuikamilisha huenda akaomba kuketi kwenye kompyuta hiyo hiyo aimalize. Mpe, lakini kwa hali ya Mgeni. Na mgeni asiyemo katika daftari lako, anayekutumia kiungo cha picha ya pasipoti, mwambie aandike jina na tarehe aliyolala. Mgeni wa kweli anazikumbuka.

Ukishuku umeibiwa, mpangilio wa hatua ni muhimu. Tumia kifaa chengine kisichoshukiwa, simu yako kwa mfano. Anza na barua pepe, kwani ndiyo mama wa akaunti zote. Badilisha nywila, halafu nenda kwenye sehemu ya usalama utafute orodha ya vifaa na utoe vyote. Usidhani kubadilisha nywila kunatosha. Si kila tovuti inavitupa vidakuzi vya zamani nywila ikibadilika. Kisha ndiyo usafishe ile kompyuta, na kama huna uhakika, mwambie fundi aisakinishe upya. Ukianza kubadilisha nywila ukiwa juu ya kompyuta yenye maradhi, unampelekea mwizi nywila mpya.

Swali la "Kubali vyote"

Anayeshuka boti Malindi atakutana na papasi. Mgeni akitoka tu getini, papasi anamfuata hadi Shangani, anamwonesha njia aombwe asiombwe, na wakifika hotelini anamwambia mpokezi kwamba huyu nimemleta mimi. Kamisheni inatiwa ndani ya bei ya chumba na mgeni hajui. Vidakuzi vya matangazo ndiyo kazi yao hiyo. Kampuni ya matangazo inaweka kipande cha msimbo katika maelfu ya tovuti za watu wengine. Ukifungua tovuti ya habari, ya mapishi, ya tiketi, kila mara kivinjari chako kinaionesha kampuni ile namba ile ile, nayo inaunganisha: huyu alisoma kuhusu kisukari jana, leo anatafuta hoteli Nungwi. Na vipo vidakuzi vya kamisheni hasa, vinavyoiambia tovuti ya hoteli kwamba mteja huyu kaletwa na tovuti fulani.

Swali unaloulizwa lina asili Ulaya. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulirekebisha agizo lake la 2002 kuhusu faragha ya mawasiliano, ukasema kidakuzi kisichokuwa cha lazima kisiwekwe bila ridhaa ya mtu. Mei 25, 2018 ikaanza kutumika kanuni ya GDPR iliyoeleza ridhaa ni nini. Oktoba 1, 2019, katika kesi ya kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kisanduku kilichotiwa tiki tayari si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ikatangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kosa linalotambulika na kila mwenye simu: kukubali ni bofyo moja, kukataa ni safari.

Sheria hizo zina msamaha wenye faida kwako. Kidakuzi cha lazima, kama kile cha kuingilia au cha kikapu, hakihitaji ridhaa. Kwa hivyo ukibonyeza "Kataa vyote" akaunti yako itafunguka kama kawaida, tiketi itakatwa kama kawaida. Wanaobonyeza "Kubali" kwa kuogopa tovuti isiharibike wanaogopa bure. Kataa. Pasipo na kitufe cha kukataa, bonyeza "Mipangilio" au "Chaguo zaidi", na humo angalia sehemu inayoitwa maslahi halali, kwani mara nyingi imeachwa ikiwa imewashwa. Zima, hifadhi, endelea na shughuli zako.

Nafuu zaidi ni kumaliza kazi mara moja kwenye kivinjari. Kivinjari cha iPhone kiitwacho Safari kinazuia vidakuzi vya kampuni za pembeni tangu 2020, na Firefox tangu 2022 inavitenga kila kimoja na tovuti yake. Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa katika Chrome, ikaahirisha mara kadhaa, na Aprili 2025 ikasema itaviacha. Simu nyingi mikononi mwetu ni za Android zenye Chrome, kwa hivyo kazi ni yako: fungua Mipangilio, Faragha na usalama, vidakuzi vya washirika wengine, chagua kuzuia. Na tovuti isiyokuuliza chochote usiione kuwa safi. Nyingi za kwetu haziulizi na zinaweka.

Sheria iliyopo kwetu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria haina kifungu cha vidakuzi kwa jina. Lakini katika kueleza taarifa binafsi ni nini, inaingiza pia namba au alama ya utambulisho anayopewa mtu, na kidakuzi kinachomfuata mtu ni namba ya namna hiyo. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akuambie anakusanya nini na kwa sababu gani, asizitumie kwa jengine, na wewe unaweza kutaka kuziona, zirekebishwe, au zisitumike kukutangazia biashara. Malalamiko yanapelekwa kwa Tume, na Tume inaweza kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 100.

Kwa Zanzibar kuna nukta. Sheria inatumika pande zote mbili, ila huku haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Posta na simu ni jambo la Muungano. Utalii si la Muungano. Mpaka unapita wapi hasa kwa tovuti ya hoteli ya Malindi, hilo ni la mawakili. Mfanyabiashara mwenye busara hasubiri wabishane, anajiandikisha kwa Tume na kuifuata sheria.

Wakenya wametutangulia, na maamuzi yao ni somo. Sheria yao ni ya 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, iliitoza baa ya Casa Vera ya Nairobi shilingi za Kenya milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na Roma School milioni 4.55 kwa picha za wanafunzi. Watembeza watalii mnaobandika kila sura iliyopanda boti kwenda Changuu, mmesikia. Halafu kuna Worldcoin, mradi wa sarafu ya mtandaoni, uliowapanga watu foleni katika ukumbi wa KICC jijini Nairobi mwaka 2023 wapigwe picha za macho kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa hizo zifutwe, ikaona kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo haikuwa halali.

Ukiwa na tovuti yako

Wenye nyumba za wageni na kampuni za utalii mara nyingi husema sheria za Ulaya haziwahusu kwa kuwa wapo Unguja. Si kweli moja kwa moja. GDPR inamfikia aliye nje anayewalenga watu walioko Ulaya. Tovuti kuonekana Roma peke yake hakutoshi kukutia ndani, lakini ukurasa wa Kitaliano wenye bei za yuro unaweza kuwa dalili ya kutosha.

Aliyekutengenezea tovuti mwulize mambo machache na usikubali ajibu kwa haraka. Je, msimbo wa Facebook au wa Google unaanza kufanya kazi kabla mgeni hajabonyeza kitu? Kama ndiyo, swali lako la ridhaa ni pambo. Je, kitufe cha kukataa kina ukubwa sawa na cha kukubali, kwenye skrini ile ile? Kidakuzi cha kuingilia cha wafanyakazi kimewekewa alama za Secure, HttpOnly na SameSite? Ya kwanza inakizuia kusafiri bila kufichwa, ya pili inaizuia misimbo ya ukurasani isikisome, ya tatu inakizuia kutumika na tovuti nyengine kwa ujanja. Mtengenezaji asiyezijua alama hizo tatu asipewe kazi yenye malipo ya wageni. Mwambie pia kila mpokezi awe na akaunti yake na itoke yenyewe baada ya dakika kadhaa za kimya, ili kijana akiacha kazi uondoe moja tu.

Kama huna haja ya kumfuata mgeni kwa matangazo, na nyumba nyingi za vyumba kumi hazina, ondoa misimbo hiyo yote. Hutahitaji swali la ridhaa tena, na ukurasa utafunguka haraka kwenye mtandao hafifu.

Usimalize siku ya leo bila hili. Shika simu yako, fungua WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, usome kila jina lililomo na tarehe yake. Usilolitambua, liondoe. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye barua pepe yako, na umfanyie mama yako.